Farasi Aliyeinamia Kila Fimbo

Wewe uliyekuja na hatamu mpya ya ngozi, yenye jina la farasi wako kwa herufi za dhahabu, itundike hapo msumarini kwanza. Kaa unisikilize. Hatamu haitakimbia, na farasi wako naye hafiki mbali kwa miguu ile mifupi kama ya kochi.

Nimekuwa saisi miaka thelathini na minne. Saisi ni mtu anayemlisha farasi, anayemsugua, anayezoa mavi yake, halafu anaambiwa asogee pembeni mwenye farasi apigwe picha na kombe. Nusu ya kwanza ya kazi yangu nilihudumia farasi wakubwa wa mbio, hapa hapa Ibra, Oman. Nusu ya pili nilihudumia hawa wadogo, ambao mgongo wao haupiti nyonga ya mtu mzima. Nimejifunza jambo moja ambalo sijapata kulieleza: farasi anavyozidi kuwa mdogo, mwenyewe anazidi kuwa mkubwa. Mwenye farasi wa mbio huja zizini na kandambili, akauliza, "Kala?" akaenda zake. Mwenye farasi mdogo huja na kilemba cha sufi ya Kashmir, jambia kiunoni, na mpiga picha wa kukodi. Siku moja nilimkuta bwana mmoja anamsomea farasi wake hotuba, kusudi amzoeshe sauti za wageni rasmi. Farasi alisinzia. Nikasema huyu keshazoea.

Lakini usiwasikilize wanaosema mashindano ya farasi wadogo ni mchezo wa watoto. Ni kazi kama kazi nyengine, ina ufundi wake, na wewe utauweza. Mimi niliuweza, na makosa niliyofanya ukiyapanga yanajaza lori.

La kwanza ni la udi. Mara yangu ya mwanzo kwenda Nizwa kwenye mashindano ya nchi nzima, nilitaka farasi wangu apendeze. Kwetu mtu hendi mbele za watu bila ya kujifukiza, basi nikaona farasi naye ana haki. Nikamfunika blanketi, nikaweka chetezo chini ya tumbo kama tunavyofukiza nguo za harusi, nikamfukiza mpaka akatoka ananukia kama bwana harusi. Tulipoingia uwanjani alipiga chafya tatu usoni mwa jaji. Hilo lingesameheka. Lakini mwenzake wa banda moja, aliyekula naye chombo kimoja miaka minne, alimnusa, hakumtambua, akamng'ata sikio mbele ya watu wote. Farasi hujuana kwa harufu, mwanangu. Ukimtia udi umembadilisha jina. Muoshe siku mbili kabla, kwa maji tu na brashi, umkaushe kwa kitambaa. Udi ufukize kanzu yako.

La pili ni la tende. Farasi mdogo hunenepa hata kwa kuangalia chakula. Na sisi, msiba wetu ni ukarimu. Nilimpeleka farasi kwenye nyumba moja Al Hamra akapigwe picha na watoto. Bibi wa nyumba, mtu wa Unguja, akaja na sahani ya tende na bakuli la halua.

"Bibi, huyu hali vitu hivi," nikamwambia.

"Mgeni gani huyo aondoke kwangu hajala?"

"Bibi, ni farasi."

"Kwani farasi hana tumbo?"

Nikaona haya kumkatalia mtu mzima, nikamwacha amlishe. Siku ya pili yule farasi hakuweza kukanyaga, kwato zimepata moto kama pasi. Daktari alinitukana kwa adabu, na matusi ya adabu ndiyo yanayouma. Tokea siku hiyo, kila asubuhi huweka kiganja juu ya kwato zote nne kabla sijanywa chai. Kwato ikiwa ya moto, chai ingoje, mwite daktari. Na bibi mwambie ukweli, akasirike. Atapoa kabla ya farasi.

Haya ni makosa ya ujinga, na ujinga una dawa. Lile la tatu lilikuwa kosa la kujua.

Kwanza umjue Bi Shemsa. Huyu bibi wa Kipemba alifanya kazi miaka mingi kwa madaktari wa mifugo Nizwa, na katika mashindano yetu yeye ndiye mpimaji wa kimo. Farasi yeyote anayepita sentimita themanini na sita haingii. Mahala pa kupima ni begani, zinapoishia nywele za shingo. Kipimo chake kilikuwa fimbo ndefu yenye mkono wa kuteleza, na pimamaji juu ya ule mkono kuhakikisha haukupinda. Kwenye themanini na sita pana mstari mwekundu. Juu ya mstari, rudi kwenu. Wakubwa walimpigia simu, wakamtumia salamu, wakamtumia na watu wa kumtumia salamu. Yeye akijibu, "Waambie nimepokea salamu, na farasi bado mrefu."

Alinifundisha mimi, mzoa mavi tu, bila ya kuombwa.

"Seif, njoo uone wizi," akaniambia siku moja. "Huyu amesagwa kwato mpaka anatembea kama aliyevaa viatu vya mwenziwe. Yule ametanuliwa miguu. Yule pale anaonyeshwa ndoo ya chakula chini, kusudi ateremshe kichwa na mabega yashuke. Hawa wote wanajua kusali, na wote watakwambia Mungu ndiye aliyemuumba mfupi."

"Na wewe unajuaje?"

"Ardhi iwe saruji, si zulia wala mchanga. Miguu ya mbele isimame wima. Kichwa akiweke anavyotaka mwenyewe. Halafu ngoja. Mtu humdanganya mpimaji mwenye haraka."

Maneno hayo nimekula nayo mkate miaka mingi. Sasa sikiliza nilivyoyalipa.

Tajiri wangu wa mwisho nitamwita Nassor, jina ambalo silo. Alizaliwa Bujumbura, akarudi Ibra kijana, akafanya biashara ya matairi akafanikiwa. Si mtu mbaya. Maradhi yake yalikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa Nizwa. Kila mwaka huyo shemeji akichukua kombe, na kila Idi akiliweka juu ya meza katikati ya sahani, watu wale nyama wakiliangalia.

Nassor alikuwa na farasi jike, Lulu. Nilimpokea mimi kwa mikono yangu alipozaliwa, mwili wote haujai hata blanketi la mtoto. Rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, shingo nzuri, macho ya mtu anayekusikiliza. Hapajakuwa na farasi mzuri kuliko yeye katika mabanda yote ya mkoa wetu wa Sharqiyah. Ila alipotimia miaka mitatu nilimpima, nikapima tena, nikatoka nje kupunga upepo, nikarudi nikapima mara ya tatu. Alikuwa amepita mstari kwa upana wa kidole.

Nassor alipoambiwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kidole tu? Mzee Seif, kidole si problemu. Fanya ufundi wako."

"Bwana Nassor, kimo hakina ufundi. Mfugie watoto wake."

"Mimi sitaki watoto, nataka kombe. Kama haingii uwanjani mwaka huu, namuuza kwenye bustani ya michezo. Akazunguke na watoto mgongoni."

Sasa jua hili: farasi wa kimo kile mgongo wake si wa kupandwa. Mtoto mmoja mnene, miezi miwili, mgongo umekwisha. Nassor aliyajua hayo, nilimfundisha mwenyewe. Akaniangalia, nami nikamwangalia Lulu.

Nikafanya.

Ufundi wenyewe ni wa zamani na ni wa aibu. Nilichukua mwiba wa mtende. Nikawa nalaza fimbo juu ya bega la Lulu, na fimbo inapogusa tu, namchoma kidogo na mwiba. Akiinama, naondoa. Fimbo, mwiba, anainama. Wiki sita, asubuhi na jioni. Wiki ya nne mwiba haukuhitajika tena. Ukimwonyesha fimbo tu, ngozi ya bega inatetemeka, magoti yanakunjika, anashuka kidole kizima na zaidi. Mke wangu alipita na ufagio wa mti mrefu, Lulu akainama mpaka tumbo likakaribia majani.

"Ana nini huyu?" mke wangu akauliza.

"Mchovu," nikasema.

"Asiyepandwa kachoka na nini?" Akanitazama, akaenda zake na ufagio wake. Nilijiambia namwokoa mgongo. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi mnyama wa kumhurumia.

Siku ya mashindano tulifika Nizwa mapema. Bi Shemsa alitupokea na fimbo yake.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, Seif. Huyu umempima kwenu?"

"Nimempima."

"Anaingia?"

"Anaingia."

Akalaza mkono wa kipimo begani. Lulu akashuka kama lifti. Themanini na tano na nusu. Bi Shemsa aliinua macho, na pale nilidhani amekwisha kuona. Lakini nyuma yetu palikuwa na msururu mrefu, na mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mimi, mwanafunzi wake. Hakungoja. Akaandika, akatia saini.

Nassor alinipiga bega. "Mwalimu! Si nilikwambia ni kidole tu?"

Hapo ndipo tulipodhani kazi imekwisha. Kichwa changu cha miaka hamsini na tisa, na chake kilichofanya biashara nchi tatu, havikukumbuka kitu anachokijua kila mtoto wa Oman: mwanamume wetu akivaa kwa shughuli hajakamilika kwa kanzu, kilemba na jambia. Lazima awe na fimbo mkononi.

Mchana farasi walipangwa mstari uwanjani. Jaji alikwisha kumtazama Lulu akitembea, na uso wake ulionyesha kapendezwa. Wageni rasmi wakateremka kutoka kwenye viti vya mbele kusalimia, kama ilivyo desturi. Wazee wanane, wamepangika, ndevu zimechanwa, fimbo nane.

Wa mwanzo alimnyooshea Lulu fimbo begani akauliza, "Ana umri gani?"

Lulu akashuka. Magoti chini, kichwa chini.

"Mashaallah!" mzee akapaza sauti. "Anasalimia!"

Wa pili akamsukuma wa kwanza kidogo. Naye alitaka kusalimiwa. Akanyoosha fimbo, Lulu akashuka. Wa tatu akatengeneza kilemba kwanza. Watu wazima wanane wakapanga foleni kuinamiwa na farasi asiyefika nyonga zao, na kila mmoja aliondoka amerefuka. Simu zikatolewa. Kijana mmoja nyuma ya kamba akapiga kelele, "Mleteni ofisini kwetu huyo, atapanda cheo kabla ya Ramadhani!" Watu wakacheka, na walicheka zaidi wale wanaofanya kazi ofisini. Mimi pia nimewahi kuona watu wakishuka namna ile mbele ya fimbo, na hao hakuna aliyewachoma mwiba.

Nassor alikuwa amemshika shemeji yake mkono. "Adabu, shemeji. Kwangu mimi hata mifugo ina adabu." Sidhani kama Nassor alipata kuwa na siku njema kuliko ile. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba wageni wamependekeza zawadi maalumu ya farasi mwenye heshima.

Mimi nilikuwa naona kitu kimoja tu. Kila fimbo ilipokuja, kabla hajainama, Lulu hakumtazama mwenye fimbo. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja mwiba.

Bi Shemsa alikuwa amesimama kando ya kamba na kipimo chake. Aliwatazama wazee, akaitazama fimbo aliyoishika, akanitazama. Akanisogelea, hakupaza sauti.

"Seif."

"Naam, Bi Shemsa."

"Asubuhi nimeandika ngapi?"

"Themanini na tano na nusu."

"Na saini ya nani?"

"Yako."

"Haya," akasema. Akarudi mahala pake.

Angeweza kupiga kelele, na ingekuwa nafuu kwangu. Ningenyamaza, hakuna mwengine ambaye angejua. Lulu angepata kombe, na mgongo wake ungesalimika. Ila kila mwaka angekuja kuinama hapa, na saini ya Bi Shemsa ingebaki juu ya uongo wangu.

Nikaenda mbele ya wale wazee. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa chuo cha Kurani.

"Mabwana, nawaomba mziweke fimbo nyuma ya migongo yenu."

Wakaziweka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Lulu akasimama wima.

"Huyu hana adabu. Ana hofu, na aliyemtia hofu ni mimi. Nimemfundisha kuinamia fimbo ili aonekane mfupi. Mpimaji hana kosa. Mpimeni tena."

Mzee wa mwanzo alitazama fimbo yake kama imemdhihaki. Na kweli imemdhihaki.

"Kwa kipimo hiki hatasimama," nikamwambia Bi Shemsa. "Tumpeleke ukutani, penye saruji. Tulaze daftari lako begani, ncha iguse ukuta, tutie alama. Farasi aondoke, upime ukuta."

Akanitazama sana. "Ukuta huo hujaufundisha kuinama?"

"Bado, Bi Shemsa."

Tukamsimamisha Lulu ubavu na ukuta. Nikamwekea kiganja mpaka akatulia. Bi Shemsa akalaza daftari, akaichomoa pimamaji kwenye kipimo akaiweka juu yake, akangoja. Safari hii alingoja kweli. Akachora ukutani kwa kalamu, akapima. Themanini na saba, na unywele.

Akakata mstari juu ya karatasi ya asubuhi, akawaendea majaji. Nilimsikia akisema, "Nimedanganywa, lakini macho yalikuwa yangu." Siku ya pili ya mashindano aliyepima alikuwa mtu mwengine; yeye aliondolewa. Miaka yote ile ya kuwakatalia wakubwa, akaangushwa na mwanafunzi wake, mzoa mavi.

Nassor alinikuta kwenye gari. Hakuwa na hasira kama nilivyotegemea. Alikuwa kama tairi lililotoboka.

"Umenivua nguo mbele ya shemeji yangu."

"Tumevuliwa wote, Bwana Nassor."

"Mchukue huyo jini wako. Wote wawili sitaki kuwaona." Nadhani alitaka kunitukana. Kwa bahati alinipa nilichokuwa nakitaka. Nikampakia Lulu kwenye pikapu, tukarudi Ibra. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Kumfundisha hofu kulichukua wiki sita. Kuiondoa kulichukua mwaka na miezi. Ukipata farasi aliyeharibiwa hivyo usikate tamaa, njia ipo. Nilitupa vijiti vifupi ndani ya chombo chake cha majani, ikawa lazima avisogeze kwa mdomo ili ale. Baadaye nikawa nabeba ndoo ya chakula imening'inia kwenye fimbo. Halafu mke wangu akawa anafagia karibu naye kila asubuhi, polepole, akimwimbia. Siku alipopita na ufagio na Lulu akaendelea kutafuna, mke wangu aliuweka chini, akaniambia, "Basi leo hata mie nimekusamehe."

Bi Shemsa hakunijibu salamu kwa muda wote huo. Nilimtumia kwa kila aliyekuwa anakwenda Nizwa. Siku moja dereva wa teksi akasimama mlangoni kwangu na kiboksi kidogo. Hakikuwa na barua. Ndani mlikuwa na chaki nyeupe kumi na mbili, kumi na moja nzima na moja imekwisha kutumika mpaka nusu. Dereva akaniambia yule bibi amerudishwa kwenye kupima, na sasa farasi wote anawapima ukutani.

Chaki hizo ndizo hizi. Chukua moja.

Sasa toka nje, kamlete Lulu, ujifunze kupima kwake. Fimbo yako iache humu ndani. Msimamishe kwenye saruji, ubavu na ukuta, miguu ya mbele wima, kichwa akiweke anavyotaka. Mwekee kiganja begani, ungoje mpaka ngozi itulie kabisa. Laza daftari na pimamaji, tia chaki ukutani, mwondoe farasi, upime ukuta. Halafu andika ulichokiona.